Paka na Vigae vya Nyumba ya Shamba

Saa moja asubuhi, kabla jua halijapasha vigae moto, Paka yuko juu. Amekaa kwenye mgongo wa paa kama mtu aliyepanda farasi, mguu mmoja huku na mwingine kule, ndoo ndogo ya chokaa ikining'inia kiunoni. Anachota kwa mwiko, anapaka, analaza kigae, anakigonga kwa ngumi, anakisikiliza. Kisha anasogea mbele kidogo kwa makalio na kuanza upya.

Chini yake, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya, mumewe anamwangalia huku mkono ukiwa juu ya fimbo.

"Hicho kimekaa upande," anasema.

"Kimekaa sawa. Wewe ndiye umekaa upande."

Mzee anajiweka vizuri kwenye kiti, anakaza macho, anaangalia tena. "Basi kimekaa sawa," anakubali, na kunywa chai yake.

Jina la Paka alipewa na watu wa soko, waliozoea kumwona akipita juu ya mapaa ya maduka yao bila bati kulia. Ana miaka hamsini na tatu, mama wa watoto wanne walio hai, na ni fundi wa paa. Hakuanzia juu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama chini akirusha vigae, mumewe akidaka.

"Mimi narusha, yeye anadaka," anasema Paka. "Na sifa pia alikuwa anadaka yeye."

Kisha goti la mumewe likakataa ngazi. Siku ya kwanza alipolazimika kupanda mwenyewe, wateja waliuliza fundi atafika saa ngapi. Siku hizi hawaulizi. Riziki yake kubwa inatokana na mabati, maana kazi ya vigae huja kwa nadra, pengine mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka haiji kabisa.

"Nikiitwa kupiga bati naenda, watoto lazima wale," anasema. "Lakini bati halina mazungumzo. Unapiga msumari, umemaliza. Kigae unakishika, unakigeuza, unakiuliza kinataka kukaa wapi. Kikikataa kimekataa."

Kwa kazi hii ya sasa amekubali nusu ya ujira. Nusu nyingine amewaachia wenyewe, na hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Wenyewe ni wanakijiji, na paa analolirudisha ni la Nyumba ya Shamba. Shamba lenyewe lilishagawanywa zamani, limebaki jina tu. Nyumba ipo bado: kuta nene za mawe na udongo, baraza pande tatu, milango mipana inayofunguka pande mbili. Vigae vyake vilifinyangwa na kuchomwa papo hapo shambani, na watu ambao hakuna aliye hai anayewakumbuka. Ukikigeuza kimoja, upande wa ndani unaona mikwaruzo ya vidole vya aliyekifinyanga.

Wenye shamba walipoondoka, nyumba iligeuzwa ghala. Baadaye ikawa kituo cha kuzalisha wajawazito. Hapo ndipo ilipojikita kwenye mioyo ya watu. Kwa miongo mitatu, wanawake walisubiri barazani, wakajifungulia chumba cha pembeni chenye madirisha mawili, wakalazwa sebuleni. Nusu ya watu unaokutana nao njiani hapa walilia kwa mara ya kwanza chini ya paa hilo.

"Mimi nilizaliwa pale," anasema fundi cherehani mmoja ambaye kila mtu humwita Sindano. "Mama anasimulia kwamba nilitoka nikiwa tayari nalalamika."

Zahanati mpya ilipojengwa kando ya barabara, nyumba ikaachwa. Popo wakaingia. Mbuzi wakajua njia. Vigae vikaanza kuteleza kimoja kimoja, na maji yakapata mlango.

Paka naye alijifungulia pale. Wanne wake wote, na kabla yao mmoja.

Hasemi habari za huyo wa kwanza kwa urahisi. Anazisema akiwa ameinama juu ya pipa la chokaa, akikoroga, macho yakiwa kwenye kazi. Ulikuwa uchungu mrefu. Alipoteza fahamu kabla mtoto hajatoka, na alipozinduka usiku mtoto alikuwa amekwisha kufungwa sanda. Hakupewa jina. Alizikwa na wakwe kwenye makaburi ya zamani, ambayo barabara ilipopanuliwa yalihamishwa, na kaburi dogo lisilo na alama halikuonekana.

"Hakuna picha, hakuna nguo, hakuna kaburi," anasema. "Nina kile chumba tu. Nikipita nje naangalia lile dirisha la upande wa jua. Nasema moyoni, wangu alikuwa humo. Basi, naendelea na safari yangu."

Ndiyo maana mwaka jana, wakaguzi wa majengo walipokuja na kusema ukuta wa chumba cha pembeni unakunywa maji, Paka hakulala. Walisema ukuta ukipitisha msimu mwingine wa mvua bila paa la kuaminika, utaanguka, na hawatasubiri uanguke juu ya mtu. Trekta la kubomoa lilishatajwa. Wapo waliotaka kiwanja hicho kiwe ghala jipya la mazao, na hawakuwa watu wabaya. Ghala lilihitajika kweli.

Aliyesimama kwenye mkutano na kukataa ni mkunga mstaafu, mwanamke mwembamba aliyekula chumvi nyingi, ambaye mgongo wake haujapinda hata kidogo. Ndiye aliyesimamia kituo kile tangu siku kilipofunguliwa hadi kilipofungwa.

"Nilisimama nikawaangalia," anakumbuka Mama Mkunga. "Nikawaambia, wewe nilikutoa mimi, wewe nilikutoa mimi, na wewe ulikuja umekaa vibaya nikakugeuza. Leo mnataka kunibomolea? Wakainamisha vichwa."

Wakampa msimu mmoja. Kamati ikaundwa, yeye mwenyekiti. Mbao za paa zilizooza zikatolewa, mpya zikaingia. Na mwanamke aliyejitokeza kuondoa vigae vyote na kuvirudisha alikuwa Paka.

Kazi ya vigae vya mkono ina sharti lake. Kwa kuwa havikutoka kwenye mashine, hakuna viwili vinavyolingana. Kwenye mteremko wa kawaida unaweza kuchanganya kidogo, ukapanga vyembamba na vyembamba, vipana na vipana. Lakini juu ya chumba cha pembeni mapaa mawili yanakutana na kufanya bonde, na maji yote ya pande mbili hukimbilia hapo. Vigae vya bonde vilikatwa mshazari, kila kimoja kwa ajili ya jirani yake. Ukikosea mpangilio, maji hayashuki. Yanaingia ndani, moja kwa moja kwenye ule ukuta unaokunywa.

Kwa hiyo Paka alipokuwa akivishusha, aliandika kila kigae kwa chaki: mstari wake na nafasi yake. Mumewe ndiye aliyeshikilia iwe chaki.

"Yeye alitaka rangi," anasema mzee. "Nikamwambia, mama watoto, kigae si gari la kuandikwa namba. Rangi haitoki."

"Na kweli chaki inatoka," anajibu Paka, na mzee anaangalia kikombe chake.

Ilitokea hivi. Vigae vyote vilikuwa chini, vimepangwa uani, na nyumba imefunikwa turubai. Paka na mumewe wakasafiri kwenda tanuri kuchukua chokaa, safari ya kulala huko. Nyuma yao, Mama Mkunga akawaita watu wa kujitolea. Aliona haya. Fundi anafanya kazi usiku na mchana, wao wamekaa tu. Akaviangalia vile vigae: ukungu, kinyesi cha popo, tope la miaka. Maisha yake yote kitu kichafu hakijapita mikononi mwake kikaenda kwa mwingine kikiwa kichafu.

Wakaja na brashi, sabuni na mapipa ya maji. Wakaosha siku nzima. Kimoja kimoja, ndani na nje.

Paka aliporudi alivikuta vimeegemezwa kwenye ukuta wa baraza vikikauka, vyekundu, vinang'aa kama vyombo vya harusi. Na watu wamesimama pembeni na mikono iliyosinyaa kwa maji, wanasubiri aseme neno.

"Nilisema ahsanteni," anasimulia. "Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye mchanga."

Ni mumewe aliyeuliza. "Namba ziko wapi?"

"Namba gani?" akasema Mama Mkunga. "Yale machaki? Tulidhani watoto wamechezea."

Hakuna aliyecheka siku ile. Sindano anasema alitafuta mzaha wa kupunguza uzito wa jambo akaukosa, na kwamba haijawahi kumtokea tena. Kamati ilikaa barazani. Mtu mmoja, kwa sauti ya chini, akataja mabati. Mwingine akataja trekta, kisha akajuta.

Mama Mkunga alizunguka nyuma ya nyumba. Akakaa mchangani karibu na Paka, jambo ambalo waliomjua hawakuwahi kuliona, yeye kukaa chini na nguo safi.

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza. Kutojua na kutouliza si kitu kimoja."

Paka anasema hakuwa na hasira naye. Alikuwa na hofu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa milima, na alichokuwa akikiona akilini ni trekta limesimama mbele ya lile dirisha.

Asubuhi yake aliamka akaenda uani peke yake. Hakuwa na mpango. Aliokota kigae kimoja cha bonde, akakigeuza-geuza kwa mazoea tu, kama mtu anavyoshika shikio la mlango wa nyumba aliyohama. Ndipo akauona mstari.

Sehemu ya kigae iliyokaa miaka yote chini ya mwenzake ilikuwa na wekundu wa udongo mpya. Sehemu iliyokuwa wazi kwa jua na mvua ilikuwa imeiva, nyeusi-nyeusi. Kati ya sehemu hizo kulikuwa na mpaka, umepinda, umefuata ukingo wa kigae kilichokuwa juu. Ukungu na tope vilikuwa vimeufunika mpaka huo. Sabuni ya Mama Mkunga ilizifuta namba, lakini ilikuwa imeufunua mstari.

Paka akachukua kigae cha pili, akakilaza juu ya mstari. Kikacheza. Akachukua cha tatu. Kikacheza. Alijaribu hadi jua likapanda, na kimoja kikatua. Ukingo wake ukakaa juu ya mpaka ule bila kuacha nafasi hata ya ukucha. Akakisukuma kwa kidole, hakikutikisika.

"Nilimwita huyu mzee wangu kwa sauti hadi akadhani nimeumwa na nyoka," anasema. "Akaja mbio bila fimbo."

"Mbio ni neno kubwa," anasema mumewe. "Lakini fimbo kweli niliisahau."

Vigae vya bonde vilikuwa zaidi ya mia tatu. Mtu mmoja angemaliza mvua zikiwa zimeshakuja na kuondoka. Kwa hiyo walioviosha ndio walioitwa kuvipanga. Walifika na mikeka, wakatandaza uani, wakapiga magoti. Paka aliwafundisha kwa maneno machache: tafuta mstari, laza, sukuma. Kikicheza si ndugu. Kikitulia ni ndugu, usikitenganishe.

Ikawa kazi yenye kelele kuliko soko. Watu walipita na vigae mikononi kama wanaotangaza mtoto aliyepotea.

"Nani ana kaka wa huyu? Amekatwa bega la kushoto."

"Lete hapa. Hapana, huyo si wetu. Hata pua hawafanani."

"Nimempata shemeji. Kaka bado."

"Shemeji wa nini? Ndoa hiyo haikai, inatikisika."

Siku ya pili, Mama Mkunga alionekana akikifuta kigae kimoja kwa ncha ya nguo yake. Sindano akaacha alichoshika. "Mama," akamwambia kwa upole, "kiweke chini. Taratibu. Tusije tukaumizana." Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wamekibana tangu siku ile ya kuosha, na Mama Mkunga akacheka kuliko wote, hadi akashika ubavu.

Kikundi kwa kikundi, ndugu wakakutana. Paka akapanda nao juu. Mumewe, ambaye goti halimruhusu ngazi lakini mikono bado ni ile ile, akasimama chini na kurusha. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, yeye alirusha na mkewe akadaka.

"Anarusha vibaya," anasema Paka. "Lakini anajifunza."

Bonde lilikamilika mchana wa siku ya mawingu mazito. Mgongo wa paa ulikuwa bado, wakaufunika kwa turubai. Saa tisa upepo ulisimama, na kila mtu aliyekuwa uani akaangalia juu. Tone la kwanza lilianguka juu ya baraza. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, kama mtu aliyemwaga ndoo akiwa na hasira.

Watu walikimbilia ndani, kila mmoja na chombo: ndoo, sufuria, beseni, hata kopo la rangi. Wakaenda wote chumba cha pembeni. Hakuna aliyewaambia. Walivipanga vyombo sakafuni chini ya bonde, wakarudi nyuma hadi ukutani, wakasubiri.

Mvua ilipiga hadi sauti ya mtu haikusikika. Paka alisimama katikati ya chumba, uso juu, akifuata kwa macho kila ubao. Alikuwa hajaingia chumba kile tangu kifungwe. Macho ya wote yalikuwa kwenye dari, kisha kwenye vyombo, kisha kwenye dari tena.

Vyombo vilibaki vikavu.

Muda ulipita. Mama mmoja aliinama akapitisha kiganja ndani ya sufuria yake, akakitazama. "Hamna," akasema, kama aliyenyimwa kitu. Sindano akaokota ndoo yake. "Nimebeba ndoo kutoka nyumbani bure," akasema. "Nani atanilipa usumbufu huu?"

Hapo pumzi ikawatoka. Wengine walikumbatiana, wengine walikaa tu sakafuni wakiegemea ukuta na kufumba macho. Mumewe Paka alifika kwa kuchechemea kutoka barazani, akaangalia juu, akaangalia chini, akamshika mkewe bega. "Umedaka vizuri," akamwambia.

Mvua ilipopungua watu wakaanza kutoka. Mama Mkunga hakutoka. Alisimama karibu na dirisha la upande wa jua, akaweka mkono ukutani, kwa urefu wa kiuno.

"Kitanda kilikuwa hapa," akasema. "Na meza yangu pale. Wako nilimlaza pale nikikuhudumia wewe, maana damu ilikuwa nyingi."

Paka aliangalia pale palipokuwa na meza.

"Alilia vizuri," akasema Mama Mkunga.

"Alilia?"

"Hujui?" Mkunga akageuka. "Alilia, mwanangu. Sauti nene ile. Mama mkwe wako alimsikia akiwa barazani, akasema huyu amekuja kudai urithi. Alilia hadi akachoka, akashika kidole changu, akatulia. Alikaa hadi jioni. Nilidhani walikuambia."

Hawakumwambia. Siku zile, anaeleza Mama Mkunga, watu waliamini kwamba ukimficha mama habari za mtoto, unamsaidia kusahau. Na Paka hakuuliza, kwa sababu miaka yote alidhani hakuna cha kuuliza. Alidhani mtoto alitoka kimya.

"Nilikuwa namwombolezea mtoto ambaye hakufika," anasema sasa. "Kumbe alifika. Alikaa na watu. Alishika kidole cha mtu." Anakung'uta chokaa kwenye mwiko, polepole. "Mimi nililia pia, usidhani. Lakini nililia kama mtu aliyetua mzigo. Nilipotoka nje nilikuwa na njaa. Nilikula hadi mzee akashangaa."

Wiki hiyo mkaguzi wa majengo alikuja. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha pembeni, akakiacha hapo, akausugua, akakinusa. Alisema ukuta umeanza kukauka na kwamba hana sababu tena ya kumleta mtu wa trekta. Mama Mkunga alimkaribisha chai, na kabla mgeni hajaondoka alishagundua kwamba mama wa mkaguzi huyo naye alijifungulia hapo.

Kazi haijaisha. Mgongo wa paa unahitaji siku kadhaa za jua. Madirisha hayana vioo, na sakafu ya baraza imepasuka. Wasichana wawili waliokuwa wakipanga vigae uani wamemwomba Paka awafundishe, na amewaambia waanze kwa kurusha, kama alivyoanza yeye. Ghala la mazao limepata kiwanja kingine karibu na barabara. Kamati nayo imekubaliana na zahanati kwamba mara moja kwa mwezi, siku ya kupima uzito wa watoto wachanga, foleni itahamia Nyumba ya Shamba, kwa kuwa kule zahanati akina mama wanasimama juani. Mizani itatundikwa chumba cha pembeni. Mama Mkunga ameshaanza kukisugua.

Paka ana mpango wa siku hiyo. Hatapokea kazi yoyote, hata ya mabati. Atavaa nguo nzuri, atakuja mapema, atakaa kwenye benchi pamoja na wale mama.

"Sina mtoto wa kupima," anasema. "Nataka tu kukaa humo ndani niwasikie watoto wakilia."